Ukungu wa Marsabit na Swali la "Nani?"

(Mada iliyotolewa mbele ya Usharika na wageni wa Dayosisi katika adhimisho la jubilei ya miaka 100)



Kamati ya Jubilei ilinipa mada ya Mkristo na kifo cha ghafla. Usharika uliotimiza miaka mia moja umekwisha kuzika watu wengi, na ningeweza kuzungumza juu ya makaburi yetu wenyewe. Lakini kila kaburi la hapa lina wenyewe, nao wameketi katika mabenchi haya. Maneno yangu yangepimwa kwa mizani ya koo badala ya kupimwa kwa mizani ya Neno. Kwa sababu hiyo nimechagua msiba wa mbali, ambao hakuna hata mmoja wetu mwenye deni ndani yake, ili tuutazame kwa uhuru. Tukiisha kuutazama nitawarudisha Songwa, maana ndiko ninakotaka kufika.

Msiba huo ulitokea Marsabit, kaskazini mwa Kenya, tarehe 10 Aprili 2006. Ilikuwa Jumatatu ya Juma Kuu. Jana yake Wakristo walikuwa wameshika matawi. Asubuhi ile ndege ndogo ya Jeshi la Anga la Kenya, aina ya Y-12 iliyoundwa China, iliondoka ikiwa na watu 17. Ilipokaribia Marsabit ili itue, ilikuta hali ya hewa mbaya na mlima umefunikwa na mawingu. Ikagonga kilima karibu na mji, ikawaka moto. Watu 14 walikufa; watatu waliokolewa.

Waliokufa hawakuwa wasafiri waliokutana kwa bahati. Alikuwamo Dkt. Bonaya Godana, Mbunge wa North Horr, mwanasheria aliyebobea katika sheria za maji ya mito inayopita nchi nyingi, na ambaye alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Kenya wakati Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulipotiwa sahihi Arusha mwaka 1999. Alikuwamo Mirugi Kariuki, Naibu Waziri aliyeshughulikia usalama wa ndani, mtu aliyepata kufungwa kwa ajili ya kutetea haki. Walikuwamo Dkt. Guracha Galgalo wa Moyale, Abdi Tari Sasura wa Saku na Titus Ngoyoni wa Laisamis, wote wabunge, pamoja na Abdullahi Adan wa Bunge la Afrika Mashariki. Na alikuwamo mtumishi mwenzetu, Askofu William Waqo wa Kanisa Anglikana, askofu msaidizi wa Dayosisi ya Kirinyaga aliyelichunga kundi la Bwana katika eneo lile la Marsabit.

Walikuwa wakienda kupatanisha. Miezi tisa kabla yake, tarehe 12 Julai 2005, washambuliaji walikivamia kijiji cha Turbi alfajiri, saa ambayo watoto hujiandaa kwenda shule. Zaidi ya watu 50 waliuawa, wengi wao Wagabra, na watoto wa shule walikuwamo. Lawama ziliwaangukia Waborana. Haukupita muda kisasi kikaja: Waborana waliokuwa wakisafiri katika gari la kanisa walitolewa garini huko Bubisa, wakauawa. Tangu hapo majirani waliokuwa wakitumia visima vimoja na kuoleana walianza kuhesabiana maiti.

Sasa tazameni orodha ile ya majina kwa jicho la mtu wa kaskazini. Godana alikuwa Mgabra. Galgalo na Sasura walikuwa Waborana. Ngoyoni alikuwa Mrendille. Jamii zilizokuwa zikilaumiana kwa damu ya Turbi zilikuwa zimewapandisha viongozi wao katika ndege moja, na askofu akiwa kati yao. Wenzetu wa Kenya wameandika mengi juu ya siasa za watu hao, na si yote ni ya sifa. Mimi sitaki kuwatakasa kwa kuwa wamekufa. Nasema tu kwamba siku ile walikuwa katika safari njema. Nao hawakufika.

Hapa ndipo imani yetu inapokwaruzwa. Kama ndege ile ingekuwa imebeba wezi wa mifugo wakienda kuvamia kijiji, mahubiri yangekuwa mepesi, na ninawajua wahubiri ambao wangeyatoa kwa sauti kubwa. Lakini walikuwa wapatanishi, na ilikuwa Juma Kuu. Zaidi ya hayo, mawingu yale yalikuwa mawingu ya masika. Kaskazini mwa Kenya ilikuwa imetoka katika ukame mkali wa mwaka 2005 na mwanzo wa 2006. Mizoga ya ng'ombe na ngamia ilitapakaa njiani, na Serikali ya Kenya ilikuwa imetangaza janga la taifa. Watu wa kule, Wakristo kwa Waislamu, walikuwa wameiombea mvua. Sisi Wasukuma tunajua maana ya kuliombea wingu. Wingu liliombwa, likaja, na ndani yake wapatanishi wakafa. Mchungaji atasema nini katika mazishi ya namna hiyo?

Bwana wetu aliulizwa swali la jinsi hii, na habari zake zimo katika Injili ya Luka, sura ya 13. Walimletea habari za Wagalilaya waliouawa na Pilato. Yeye mwenyewe akaongeza habari za mnara wa Siloamu ulioanguka na kuua watu 18. Akakanusha waziwazi kwamba watu wale walikuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu. Mara mbili katika mistari michache alikataa kuwafanya marehemu kuwa washitakiwa. Akaligeuza neno likawaelekea waliokuwa hai mbele yake, akawataka watubu. Wapendwa, wahubiri wengi hukumbuka ile sehemu ya toba na kuisahau ile ya kwanza. Lakini mtu asiyeanza kwa kuwaachia huru marehemu wa Siloamu hana haki ya kumwambia mfiwa neno la toba.

Na tukitaka kujua kilichoua, tuanze na mlima wenyewe. Marsabit ni mlima wa volkano uliosimama peke yake katikati ya jangwa. Ukitoka Chalbi, mahali pakavu ambapo ardhi imepasuka na kuwa nyeupe kwa chumvi, unapanda zaidi ya mita 1,000 na kukuta msitu wenye mizabibu ya porini na maziwa ndani ya makasoko. Ndiko alikoishi Ahmed, ndovu mwenye pembe ndefu ambaye Rais Kenyatta aliamuru alindwe na askari hadi alipokufa mwaka 1974. Msitu huo upo kwa sababu ya ukungu. Upepo unaotoka Bahari ya Hindi hufika pale ukiwa na unyevu, ukiugonga mlima hulazimika kupanda, ukipanda hupoa, ukipoa unyevu wake hugeuka wingu, na wingu hilo huuvaa mlima kama shuka. Kitu kilekile kinachowapa watu wa Marsabit maji na malisho ndicho kinachomfunga macho rubani.

Rubani aliye ndani ya wingu haoni juu wala chini. Mwili wake humdanganya. Humwambia ananyooka hali anageuka, humwambia yuko juu hali ameshuka. Injini zinafanya kazi, usukani unatii, ndege haina ugonjwa wowote, ila mbele yake pana mwamba uliovaa rangi ya wingu. Ajali za namna hii ni za zamani katika nchi zetu. Tarehe 18 Mei 1955 Dakota ya Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, ikitoka Dar es Salaam kwenda Nairobi, iligonga Mawenzi katika Mlima Kilimanjaro, na watu wote 20 waliokuwamo wakafa. Tarehe 5 Juni 2018 ndege ndogo iliyotoka Kitale kwenda Nairobi iligonga milima ya Aberdare. Wakafa watu 10. Sisi wa Songwa ni watu wa mbuga, nchi yetu ni tambarare, na wazee wetu walizoea kuona ndege zikishuka Mwadui bila kuwaza mlima. Kwa hiyo nimelieleza jambo hili kirefu kidogo ili kila mmoja alione: katika maelezo yote haya hamkuhitajika mtu wa kuroga.

Alikuwako mhandisi mmoja mzaliwa wa Kanada, Donald Bateman, aliyefariki mwaka 2023. Alisumbuliwa sana na ajali za ndege nzima kugonga mlima, akaziuliza swali moja tu: zinatokeaje? Akatengeneza chombo kinachopima umbali wa ndege kutoka ardhini kwa mawimbi ya redio, na ardhi inapokaribia kwa kasi kinapiga kelele na kumwamuru rubani apandishe ndege. Tarehe 1 Desemba 1974 ndege ya abiria iliyokuwa ikielekea kutua karibu na Washington iligonga mlima katika dhoruba, wakafa watu 92. Baada ya hapo Serikali ya Marekani ikaagiza ndege kubwa za abiria zifungwe chombo hicho. Baadaye yeye na wenzake wakakiongezea ramani ya milima ya dunia. Ajali za namna ile zikapungua sana katika mashirika makubwa. Sidhani kama jina lake limewahi kutajwa katika kanisa hili, nami nimefurahi kulitaja. Kuuliza "imetokeaje?" kumewaokoa watu wengi wasiojua kwamba waliokolewa.

Sisi Usukumani huwa hatuanzi na swali hilo. Mtu akifa ghafla, kabla kaburi halijafukiwa, swali linalotembea kwa minong'ono kati ya wanaume walioketi uwanjani ni "Nani?" Usiku mtu hutumwa kwa nfumu. Kuku hupasuliwa, matumbo yake husomwa, na kesho yake asubuhi jina limepatikana. Kwa kawaida jina hilo ni la mwanamke. Kwa kawaida ni mzee, ni mjane, ana kipande cha shamba ambacho wengine wanakitamani, na macho yake ni mekundu. Macho hayo yamewekundishwa na moshi wa mabua, mashina ya pamba na samadi kavu ya ng'ombe, kwa kuwa kuni zimekwisha katika nchi yetu naye amewapikia wanawe na wajukuu kwa miaka hamsini. Macho yaliyougua kwa kutulisha ndiyo yanayotolewa ushahidi.

Sisemi haya kwa kusikia tu. Dkt. Simeon Mesaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alizikusanya taarifa za serikali na kuonyesha kwamba kati ya mwaka 1970 na 1984 watu zaidi ya 3,600 waliuawa Tanzania Bara kwa tuhuma za uchawi, wengi wao wanawake, na sehemu kubwa ya mauaji hayo ilitokea katika mikoa ya Usukumani, yaani Mwanza na Shinyanga kama ilivyokuwa wakati huo. Tangu hapo mauaji hayakukoma. Na Sheria ya Uchawi tunayo tangu mwaka 1928! Ndani ya miaka hiyo mia tunayoishukuru leo, kengele za makanisa zilikuwa zikilia Jumapili katika nchi hii hii. Waliokwenda na mapanga usiku hawakuwa wote wapagani. Wachungaji tulioko hapa tunalijua hilo, na wachache wetu hulitamka.

Wageni wetu wasidhani kwamba ninawadharau Wasukuma, watu wangu. Hebu tuitazame nyumba yetu ya Kilutheri pia. Martin Luther alipokuwa kijana mwanafunzi wa sheria, tarehe 2 Julai 1505, radi ilipiga karibu naye, jirani na kijiji cha Stotternheim. Kwa hofu akaapa kwa Mtakatifu Anna kwamba atakuwa mtawa. Aliisoma hali ya hewa kama hati ya hukumu iliyoandikwa jina lake. Ilimchukua miaka mingi ya kusoma Maandiko kufika mahali pa kufundisha, katika mjadala wa Heidelberg mwaka 1518, kwamba Mungu hajulikani kwa kubahatisha makusudi yake yaliyositirika, bali anajulikana msalabani. Na kwamba mwanatheolojia wa msalaba hubaya hakuiti chema, wala chema hakiiti kibaya, bali hulisema jambo jinsi lilivyo. Tulipofundishwa haya chuoni tuliyaandika katika madaftari na kujibu mtihani. Maana yake mtu huielewa akiwa amesimama kwenye ukingo wa kaburi, ndugu wote wakimtazama mdomoni.

Lakini fundisho hilo halikuwazuia wana wa Luther wasiue. Mwaka 1675, katika parokia ya Torsåker nchini Sweden, nchi ya Kilutheri ambayo baadaye ilituletea wamisionari kwa wema mwingi, watu 71 waliuawa kwa tuhuma za uchawi. 65 kati yao walikuwa wanawake. Mchungaji wa Kilutheri ndiye aliyeongoza kukusanya ushahidi, na ushahidi wenyewe ulikuwa maneno ya watoto. Hawakuwa na nfumu wala kuku. Walikuwa na Biblia, katekisimo na joho kama hili nililolivaa. Kwa hiyo neno ninalolisema leo si la dini iliyostaarabika kuwaambia washenzi. Ni neno la nyumba iliyokwisha kuungua, likiambiwa nyumba inayoungua.

Labda mtu atauliza: je, Mchungaji anasema tusiulize kamwe nani ameua? La, hasha. Yako mauaji yenye muuaji, na haki ni ya Mungu. Turbi ilikuwa na wauaji wenye mikono na majina. Hata ajali ya ndege yaweza kuwa na swali hilo. Usiku wa kuamkia tarehe 18 Septemba 1961, Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, mwana wa Kanisa la Kilutheri la Sweden, alikufa ndege yake ilipoanguka msituni karibu na Ndola, katika nchi ambayo sasa ni Zambia. Yeye naye alikuwa katika safari ya amani, akienda kukutana na Moise Tshombe ili vita vya Katanga vikome. Tangu siku ile watu wameuliza kama iliangushwa. Na anayeongoza uchunguzi huo kwa niaba ya Umoja wa Mataifa tangu mwaka 2015 ni Mtanzania mwenzetu, Jaji Mohamed Chande Othman, aliyekuwa Jaji Mkuu wa nchi yetu. Ametoa ripoti baada ya ripoti. Amewaandikia wakuu wa mataifa makubwa wafungue makabati yao. Na kwa miaka yote hiyo hakumtaja muuaji kwa kuwa ushahidi haujamfikisha hapo. Ndugu zangu, jaji mkuu mstaafu, mwenye dunia nzima nyuma yake, ametumia miaka zaidi ya minane katika swali la "Nani?" juu ya kifo kimoja, naye hajasema nimempata. Nfumu hutumia usiku mmoja na kuku mmoja.

Kuna watu wengine ambao sitaki kuwapita, ingawa mlima haukuwapo katika habari yao. Jumapili tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air iliyokuwa ikienda Bukoba ilianguka katika Ziwa Victoria, karibu kabisa na uwanja, katika hali mbaya ya hewa. Ilikuwa na watu 43. Walikufa 19, na 24 wakaokoka. Wa kwanza kufika walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Kijana mmoja, Majaliwa Jackson, alisifiwa nchi nzima kwa kusaidia kuufungua mlango wa ndege kwa kasia. Wavuvi wale hawakuanza kwa "kwa nini" wala kwa "nani". Walipiga makasia. Na kesho yake, tarehe 7 Novemba, hapa hapa Kishapu, ukingo wa bwawa la tope la mgodi wa Mwadui ulibomoka, tope likaingia Ng'wang'holo na kufunika mashamba na nyumba. Mungu alitujalia, hakufa mtu. Huwa najiuliza ingekuwaje kama angekufa mmoja tu, na ni bibi yupi angetajwa.

Narudi Marsabit, kwa maana habari yake haikuishia kwenye moto. Wapatanishi walikufa na mazungumzo yao yakafa nao, au ndivyo ilivyoonekana. Lakini wazee wa Wagabra na Waborana waliobaki, watu wa visimani ambao hakuna gazeti lililowajua majina, waliendelea kukutana. Hakukuwa na ndege. Waliketi chini ya miti kama tunavyoketi sisi. Mwezi Julai 2009 walifikia mapatano yanayojulikana kama Azimio la Maikona na Walda, kwa majina ya mahali walipokutania. Waliandika faini za mifugo kwa aliyeua, kwa aliyejeruhi na kwa aliyeiba. Waliandika juu ya matumizi ya malisho na maji. Walikubaliana kwamba mhalifu atajulikana kwa jina lake mwenyewe na kutolewa na watu wake, ili kabila zima lisilipe kwa damu kosa la mtu mmoja. Mtaona kwamba hapo nao waliuliza "Nani?", lakini waliuliza mchana, mbele ya pande zote mbili, na jibu lilimfunga mmoja likawafungua elfu.

Je, amani hiyo ilidumu? Kwa muda ilitengeneza mambo mengi. Watu walirudi katika malisho waliyoyakimbia. Kisha Desemba 2013 damu ikamwagika tena huko Moyale, na baada yake mahali pengine pa Marsabit, kwa sababu za siasa na uongozi mpya wa kaunti. Siwezi kuwapa habari tamu kuliko ilivyo. Ila walipotaka kuanza tena walikuwa na karatasi ya kuanzia. Na Marsabit, ambako Askofu Waqo alilelea kundi kama sehemu ya pembeni ya dayosisi ya mbali, leo ni dayosisi kamili ya Kanisa Anglikana.

Baba Askofu, naomba kwa ruhusa yako nifunge kwa mambo mawili ambayo ningependa Baraza la Wazee la usharika huu lijadiliane baada ya sherehe.

La kwanza ni kitabu chetu cha mazishi. Kitabu hicho kina safu ya sababu ya kifo, na katika kurasa nyingi safu hiyo ni tupu au imeandikwa "ghafla". Naomba tangu sasa mwinjilisti anapoandika jina la marehemu aulizie zahanati au hospitali, aandike kilichosemwa na mganga wa hospitali: malaria, shinikizo la damu, nyoka, uzazi, kuangukiwa na kifusi shimoni. Pasipojulikana aandike "haijajulikana", herufi kwa herufi, na asiongeze neno. Kisha yale yaliyoandikwa yasomwe kwa sauti makaburini, pamoja na wasifu wa marehemu, kabla ya udongo kurudishwa, ili minong'ono ile ya uwanjani ikute mahali pake pamekwisha kaliwa.

La pili linahusu siku zinazofuata mazishi. Kuna siku saba hivi ambazo ni mbaya kuliko zote, kabla hasira haijapoa na baada ya wageni kuondoka. Naomba katika kila msiba wa ghafla Baraza liwateue wazee wawili wa kanisa, mwanamume na mwanamke, wakalale katika boma la mwanamke mzee kuliko wote wa ukoo ule au wa jirani anayenong'onwa, kwa siku hizo saba. Waende na blanketi zao na unga wao. Wasihubiri, wale, waombe jioni, walale. Mwenye panga hupita nyumba yenye watu wawili wa kanisa kwa shida zaidi kuliko anavyopita nyumba ya mjane aliye peke yake. Ikiwa Baraza litakubali, jina la kwanza katika orodha ya watakaolala liandikwe la mchungaji.